Ukuta wa Nje Wenye Kinga

3 Machi

Mwanangu Pilipili,

Salamu utazikuta mwishoni, kwanza unijibu hili. Juzi kwenye simu ulisema, na nilikusikia vizuri maana niliziba sikio la pili, kwamba umezibomoa kuta zote za nje za jengo zima kwa mkono wako mmoja, tena kabla ya chai. Halafu ukacheka. Halafu simu ikakatika. Tangu hapo chakula hakipiti.

Kuna aliyeumia? Walikuwa ndani watu? Nikikupigia unasema, "Niko kikaoni mama, nitakupigia," na hunipigii. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua huwezi kuikata.

Mimi nilijua umeajiriwa kuchora. Hili la kubomoa limeanza lini? Na mikono yako hiyo, iliyokuwa inashindwa hata kufungua chupa ya mafuta!

Nilimweleza Fundi Cherehani wa chumba cha jirani. Akasema mtu aliyebomoa ukuta wa watu ajifiche kwanza, maelezo baadaye. Sijui kama ni ushauri mzuri, lakini nimekukunjia mashuka mawili na kile kitanda cha dada yako nimekiondolea vyombo. Njoo hata usiku, gonga dirisha, usigonge mlango.

Salamu nyingi. Unakula?

Mama yako

*

10 Machi

Mama yangu mpenzi,

Kunjua mashuka. Hakuna aliyeumia. Jengo lenyewe halijachimbwa hata msingi. Liko kwenye kompyuta tu.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana naona nimekuacha gizani muda mrefu. Tuna programu ya kuchorea majengo. Humo sichori ukuta kama mstari wa penseli. Kwanza natengeneza aina ya ukuta. Naipa jina, halafu naipanga tabaka kwa tabaka kutoka nje kuja ndani: plasta ya nje, tofali la kwanza, nafasi ya hewa, ubao mwepesi wa kuzuia baridi, utando wa kuzuia maji, tofali la pili, plasta ya ndani. Kila tabaka na unene wake. Unakumbuka ulivyokuwa unatuvalisha asubuhi za mvua, fulana, sweta, koti? Ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mtoto akinyimwa sweta analia mwenyewe. Ukuta haulii, analia anayelala ndani yake.

Sasa kosa langu. Nilitaka ukuta mwembamba kwa ajili ya stoo. Inatakiwa uinakili aina iliyopo, nakala uipe jina jipya, ndipo uibadilishe nakala. Mimi nikasahau kunakili, nikaanza kutoa tabaka kwenye aina yenyewe. Na hii programu ukiigusa aina, kila ukuta wa aina hiyo unabadilika papo hapo, popote ulipo. Nilipoinua macho, jengo zima limekuwa stoo. Mwenzangu tunayemwita Bwana Ngazi, kwa sababu kazi yake ni kuchora ngazi asubuhi mpaka jioni, akapiga kelele, "Jamani, nani kalivua jengo nguo?" Ofisi nzima ikacheka. Nikabonyeza kurudisha, kuta zikarudi. Ndicho nilichokuwa nakusimulia.

Jengo ni nyumba ya wajawazito wa mwezi wa mwisho, wanaotoka mbali kuja kusubiri karibu na hospitali. Litakuwa kilimani, kwenye baridi, na mvua ya huko haishuki kutoka juu, inakuja kwa ubavu. Kinamama wenyewe wameunda kamati ya kulijenga. Mwezi uliopita nilisimama mbele yao nikawaonyesha kila tabaka. Mwenyekiti wao, tunamwita Mama Mwenyekiti, aliniambia, "Binti, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananieleza ukuta nikauelewa." Nilirudi nyumbani natembea kama nimevikwa taji.

Aina yenyewe nimeipa jina hili: Ukuta wa Nje Wenye Kinga. Zuri, siyo?

Nakula, ndiyo.

Wako,
Pilipili

*

17 Machi

Mwanangu,

Mashuka nimeyakunjua, nimeyalalia mwenyewe. Mungu ashukuriwe. Nimemsomea Fundi Cherehani barua yako, akauliza, "Kwa hiyo huyo mtoto analipwa kuzivalisha kuta ambazo hazipo?" Nikamwambia wewe shona suruali zako, mambo ya kisomo yaache. Lakini usiku nilijiuliza swali lile lile.

Nimefurahi kwamba ni nyumba ya wajawazito. Uliponiambia jina la ukuta nimelisema mara nyingi kwa sauti nikifua nguo.

Jambo moja tu. Huyo bosi wako ukae naye vizuri. Nakujua. Ukiambiwa neno usilolipenda unanyamaza kwanza, pua inatanuka, halafu unasema kitu kimoja ambacho mtu anakikumbuka mpaka anazeeka. Punguza. Kazi za kukaa kwenye kiti, tena kwenye kivuli, si nyingi.

Mama yako

*

2 Aprili

Mama,

Nimesema hicho kitu kimoja.

Jana Bosi aliniita mezani kwake. Akasema, "Ile aina ya ukuta wa nje, toa ubao wa baridi, toa utando wa maji, toa na tofali la nje. Bakiza tofali moja na plasta." Nikauliza, kamati imebadilisha mawazo? Akasema, "Kamati haihusiki na matumbo ya ukuta." Ukweli ni kwamba mjenzi ni shemeji yake, na amemwambia hataki kusumbuka na kuta za tabaka nyingi.

Nikasema basi tubadilishe na jina, maana linatokea kwenye jedwali la kila karatasi, na ukuta huo hautakuwa na kinga tena. Akacheka. "Jina liache lilivyo. Na kwenye kisanduku cha pembeni, pale penye *Imechorwa na*, utaandika jina lako. Mama Mwenyekiti anakuamini. Akiliona hatauliza kitu."

Nikamwambia, "Jina langu halifuniki tundu."

Leo nimehamishiwa meza ya karibu na mashine ya kuchapa. Kazi yangu ni kukunja michoro ya wengine. Naikunja vizuri sana, nimemwambia hivyo pia.

Usiwe na wasiwasi. Sitaandika jina langu pale, hata nikikunja karatasi mpaka nistaafu.

Pilipili

*

8 Aprili

Pilipili, mwanangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikasimama tena.

Yaani bosi mzima, mwenye ofisi yake, anataka jina lako liandikwe kwenye mchoro wa nyumba kubwa, na wewe unasema hapana? Watu wanatafuta maisha yao yote jina lao liandikwe mahali. Baba yako jina lake liliandikwa mara moja tu, na alikuwa ameshazikwa. Mambo ya matofali mwachie yeye, ndiye mwenye ofisi. Wewe omba radhi. Ingia asubuhi, kabla wengine hawajafika, sema, "Bosi, nilikosea ulimi." Maneno matatu hayo, yatakuchubua?

Unakunja karatasi! Nilikusomesha ukunje karatasi? Kama ni kukunja ningekufundisha mimi hapa nyumbani, bila ada.

Nisikilize walau mara moja. Mimi nitafanya ninachoweza huku.

Mama yako anayekupenda na asiyelala

*

8 Aprili

Kwa Mheshimiwa Bosi wa ofisi ya michoro,

Mimi ni mama wa yule binti wa kuta. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nikikosea herufi unisamehe, na nikikosea adabu unisamehe zaidi.

Nimesikia binti yangu amekujibu vibaya. Si ubaya, ndivyo alivyotoka tumboni. Mkunga alimpiga kofi ili alie, yeye akamkazia macho kwanza. Lakini ukimpa kazi hailali, na hajui kuiba wala kusengenya.

Nimesikia pia unataka kuliandika jina lake kwenye mchoro na amekataa. Nimeona aibu. Heshima kama hiyo nani anaikataa? Ni utoto. Alipokuwa mdogo alikuwa anakataa kupigwa picha, halafu picha ikitoka anailalia. Mimi kama mzazi wake nakuruhusu. Liandike popote unapoona panafaa, na kwa herufi kubwa ukipenda. Atanuna siku mbili, atazoea.

Kwa niaba yake nasema amekosa. Mrudishie meza yake, nakuomba kwa heshima zote. Na usimwambie nimekuandikia.

Mama yake mzazi

*

20 Aprili

Mama,

Jana kwenye kikao cha wafanyakazi wote Bosi alitoa karatasi mfukoni akavaa miwani. Nikaujua mwandiko kabla hajafungua mdomo, zile *a* zako zenye mkia.

Aliisoma yote. Mkunga, picha, herufi kubwa. Watu walicheka, na sikuwalaumu, maana kwingine kote ingekuwa barua nzuri. Alipomaliza akasema, "Mnaona, hata aliyemzaa amekubali." Kisha akamwambia Bwana Ngazi avue tabaka na aandike jina langu. Bwana Ngazi alifanya bila kunitazama. Sasa kila karatasi ya lile jengo inasema Ukuta wa Nje Wenye Kinga, kinga haipo, na pembeni yake niko mimi. Jina la kwanza, la baba na la ukoo. Kwa herufi kubwa, kama ulivyotaka.

Hukuelewa, mama. Sikuwa nakataa heshima. Wale kinamama nimewaonyesha ukuta mmoja kwa macho yao, na sasa watapewa mwingine, na jina langu ndilo litakalowafunga macho. Mtu atalala pale na kichanga cha siku moja, ukuta utoe maji, na akiuliza nani alichora ataonyeshwa mimi.

Mama Mwenyekiti anakuja kuzichukua karatasi mwenyewe, Alhamisi ya kwanza ya Mei. Zikishatoka zimetoka.

Tafadhali usiniandikie kwa sasa. Sijui nitakujibu nini.

Binti yako

*

26 Aprili

Mwanangu,

Umesema nisikuandikie na nimekusikia. Hapa sikuandikii wewe. Namwandikia bosi wako, hii ni nakala tu, ili safari hii usome kabla ya miwani yake.

Mama

*

26 Aprili

Kwa Bosi,

Mimi ni yule mama wa tarehe nane. Uheshimiwa nimeuacha kwenye barua ile, huku sikuja nao.

Niliandika kwamba binti yangu amekosa. Nalifuta neno hilo. Niliandika kwamba nakuruhusu kuliandika jina lake. Ruhusa hiyo naichukua, nirudishie. Nilidhani unampa heshima. Kumbe ulikuwa unatafuta pazia, na mimi nikakuletea kwa mikono miwili, limefuliwa na kupigwa pasi.

Ukawasomea watu barua yangu. Sawa, iliandikwa isomwe. Na hii wasomee. Anza hapa: jina la mtoto wangu nilimpa mimi. Nilikuwa nimelala kwenye godoro lisilo na shuka, nje kunanyesha, na ukuta wa chumba kile ulikuwa unatoa jasho kama mtu. Baba yake aliniuliza tumwite nani. Nikafikiri usiku kucha, huku nimempakata upande mkavu. Hilo ndilo jina uliloliandika kwenye kisanduku chako. Hukulitafuta wewe wala shemeji yako.

Mambo ya tabaka siyajui na sitajifanya nayajua. Kama tofali moja linatosha, andika kwamba ni moja, uweke jina lako mwenyewe, uwaambie kinamama waziwazi. Nani kakuzuia? Mbona unahitaji la binti yangu?

Barua hii naileta kwa mkono wangu, Alhamisi ile ile anayokuja Mama Mwenyekiti. Nitakaa kwenye kiti cha wageni. Sitapiga kelele, nimelelewa. Lakini sitanyanyuka mpaka jina litoke, na mimi kwa kukaa ni hodari. Nimekaa hospitali, nimekaa ofisi za watu, nimekaa milangoni mwa wenye nyumba. Waliochoka kwanza ni wao.

Samahani sina. Nilizimaliza tarehe nane.

Mama yake mzazi

*

7 Mei

Mama,

Kile kiti sasa kinaitwa kiti cha mama. Bwana Ngazi amenipigia kunieleza. Anasema mgeni aliyekuja Ijumaa aliogopa kukikalia.

Uliondoka kuwahi basi kabla sijakueleza vizuri. Ulimwona Bosi alivyopita mbele yako na simu sikioni, simu iliyozimwa. Ulisikia Mama Mwenyekiti alipoingia akakuuliza, "Mama, unamsubiri nani?" ukamjibu, "Nalisubiri jina la mwanangu, liko ndani ya zile karatasi zako." Sitakaa nisahau uso wa Bosi. Akanigeukia: "Haya, kaa ulitoe, huyu mama aende zake."

Ulichokiona ni mimi kukaa mezani kwangu kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Usichokiona, kwa sababu kioo cha kompyuta kilikugeuzia mgongo, ni hiki. Nililitoa jina langu. Halafu nikafungua ile aina. Kuta sikuzigusa, nikaziacha kama zilivyovuliwa. Nikabadilisha jina la aina tu. Nikaandika: *Ukuta wa nje, tofali moja, hauna kinga ya maji wala ya baridi.* Na unajua programu yetu. Ukiigusa aina, unagusa popote ilipo. Kila jedwali kwenye kila karatasi likasema hivyo hivyo. Nikazichapa zikiwa moto nikamkabidhi Mama Mwenyekiti mkononi.

Aliposimama akifuata mistari kwa kidole na kuuliza, "Kinga iko wapi?" ndipo Bosi akasema ni kosa la kompyuta. Nilichomjibu ulikisikia: "Kompyuta haina shemeji." Samahani, pua ilishatanuka.

Ndiyo, nimefukuzwa. Mkoba wangu Bosi aliubeba mwenyewe mpaka mlangoni, huduma ambayo hajawahi kumpa mtu.

Sasa jambo lenyewe. Kamati imekataa karatasi. Jumamosi ijayo wanakutana wote, wameniita nije nieleze ni nini kilitolewa kwenye kuta. Bosi na shemeji yake watakuwepo pia. Bwana Ngazi anasema wamejipanga kuniuliza mbele ya watu kwamba mimi ni nani: sina ofisi, sina muhuri, nimefukuzwa, nina kinyongo. Na mama, kwa hilo nimeshindwa kulala. Kwenye kompyuta najua kila kitu kinaitwaje. Nikisimama pale bila kazi, niseme mimi ni nani?

Halafu kuna hili. Sikukuomba uje. Nilikuwa nimekukasirikia mpaka nilipoona kile kikapu chako mlangoni.

Wako,
Pilipili

*

11 Mei

Mwanangu Pilipili,

Barua yako imefika leo mchana na ninaijibu leo leo. Dereva wa basi ananisubiri niimalize, amezima injini, abiria wananung'unika. Wanung'unike.

Kukufukuza wamekufukuza, nimeshalia, nimeshanawa uso. Kitanda cha dada yako kipo, lakini usije kujificha. Ukija, njoo kupumzika. Fundi Cherehani anasema nikusalimie, na kwamba lile neno lako, kompyuta haina shemeji, ataliandika kwenye ukuta wa duka lake.

Kuhusu kunikasirikia, endelea kidogo, nilistahili. Utaacha ukichoka.

Jumamosi nenda. Usivae lile gauni la kijivu, linakufanya uonekane kama unaomba kitu. Usianze na salamu ndefu. Waonyeshe kinamama ukuta uliovaa na ukuta uliovuliwa, kama ulivyonieleza mimi nikaelewa, na kama mimi nimeelewa hakuna atakayeshindwa. Wakicheka wale mabwana wawili, ngoja wamalize, uendelee pale pale ulipoachia.

Na wakikuuliza wewe ni nani, usiseme ulifanya kazi wapi. Taja jina lako. La kwanza, la baba yako na la ukoo, yote matatu, taratibu, wa nyuma wasikie.

Mama yako